Wadudu kibibi wa nukta 12 kwenye matikiti: usiwaache kama mimi nilivyowaacha

Mkuu, umeuliza kama uwaache wale wadudu kibibi wa rangi ya kutu, wenye nukta 12 nyeusi, wakusaidie kula vidukari kwenye matikiti. Hao hawana habari na vidukari. Wanakula tikiti.

Msimu wangu wa kwanza kulima Mkuranga niliwalinda kabisa. Semina ilishatuambia kibibi ni rafiki wa mkulima, basi nikamkataza hata kijana wa shamba asiwaguse. Baada ya wiki mbili hivi majani yalikuwa kama chandarua kikuukuu: mishipa ipo, nyama yote imekwanguliwa.

Kosa langu lilikuwa kuhesabu nukta. Nukta hutofautiana hata ndani ya spishi moja, nyingine huungana, nyingine hufifia. Tazama mng'ao kwanza. Rafiki zetu wala vidukari wa jenasi (kundi la spishi ndugu) Cheilomenes, wale weusi wenye mabaka mekundu au ya manjano, wanang'aa kama pikipiki iliyotoka kuoshwa. Huyu wa tikiti amepauka, utadhani ana vumbi. Mweke juani chini ya lenzi ndogo, utaona vinyweleo vifupi mwili mzima.

Kama huna lenzi, tafuta watoto wake chini ya majani. Ni wa manjano, wamejaa miiba yenye matawi, wanajikokota. Watoto wa Cheilomenes ni wembamba, weusiweusi, na wana mbio. Mayai usiyategemee, maana pande zote mbili hutaga ya manjano, yamesimama wima kwa mafungu. Mimi niliwahi kuponda ya rafiki nikidhani ni ya adui.

Sasa jina, maana hapo ndipo wengi hupotea wakitafuta mtandaoni. Utakuta Epilachna chrysomelina, Henosepilachna elaterii na Chnootriba elaterii. Wote ni huyu mmoja. Elaterii ni jina alilopewa na mtaalamu wa wadudu Rossi mwaka 1794. Mwaka 1961 wataalamu Li na Cook waliitenga Henosepilachna kutoka Epilachna, wakiangalia kucha zenye jino la ziada kwenye shina, na bamba la mwisho la tumbo la jike lililopasuka katikati. Siku hizi, baada ya jenasi za kundi hili kupangwa upya, anawekwa Chnootriba. Mambo ya kucha yanataka hadubini, shambani hayatakusaidia. Lakini jenasi yenyewe inafaa kuijua, kwa sababu ndugu yake, Chnootriba similis, anakula mahindi na mpunga, na yumo kwenye orodha ya wadudu wanaoeneza virusi vya kimyanga, ule ugonjwa wa mpunga unaogeuza majani kuwa ya manjano. Wenye mashamba ya mpunga humu, mnisikie.

Kuna aliyesema hapo juu kwamba "kibibi akikosa vidukari ndipo anageukia majani". Hapana, ndugu yangu. Hawa wana taya zenye meno mengi ya kukwangua majani. Taya za wala vidukari ni za kushika na kutoboa windo.

Kwa eneo lako la robo eka, anza kuwaokota asubuhi. Weka beseni la maji ya sabuni chini ya jani kabla hujaligusa, maana wakishtuka hujiangusha. Yale majimaji ya manjano wanayoyatoa magotini yananuka ila ni ya kujihami tu. Halafu tuwekee picha ya upande wa chini wa jani, tuone watoto wameshafika hatua gani kabla hujanunua dawa.