Maswali ya walimu: Umealikwa kwenye mkutano wa uongozi

Walimu kadhaa waliotambuliwa kwa ufundishaji mzuri wamealikwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa uongozi, na wameniandikia.

Shikamoo mwalimu. Nafundisha Hisabati sekondari, Mbagala. Mkuu wa shule anasema uongozi ni wa wenye vyeo, na mimi sina. Niende?

Marahaba, mwanangu. Nenda. Mwalimu ambaye wenzake humfuata ofisini kumuuliza "mada ya vekta wewe unaiingiaje?" tayari anaongoza. Tumezoea kumpandisha cheo mwalimu hodari mpaka anaacha chaki, na kwa kweli wanaopoteza hapo ni wanafunzi. Mkuu wako usishindane naye. Andika barua ya ruhusa kwa mkurugenzi wa halmashauri, ipitie kwa mkuu wako, uambatishe mwaliko na utaje nani atashika vipindi vyako. Akiona kidato cha nne hawatakaa bure, atalegea.

Natoka Mbeya, sijawahi kufika Dar. Basi linaishia Mbezi. Nitafikaje mjini?

Kutoka Kituo cha Magufuli, hapo Mbezi basi linapoishia, tafuta gari la Kimara, kisha panda basi la mwendokasi la Kivukoni. Ukifika usiku sana, lala hukohuko Mbezi uingie mjini asubuhi na mapema.

Hakuna posho, na mume wangu anaona napoteza muda.

Dada, usikope kwa ajili ya mkutano. Waulize waandaaji kama chakula na malazi vimo. Kama havimo na huna ndugu wa kukupokea, subiri mwingine bila kinyongo. Ukiweza kwenda, mwonyeshe mumeo ratiba, ajue unakwenda kufanya nini.

Nikirudi nitawashirikishaje wenzangu bila kuonekana najidai?

Hili ndilo swali kubwa. Usianze kwa kuhutubia kikao cha walimu saa nane mchana, watu wana njaa na madaftari hayajasahihishwa. Chukua jambo moja tu ulilojifunza, ulijaribu darasani kwako, kisha umwombe mwenzako mmoja akae nyuma dakika 40 na karatasi yenye ramani ya madawati. Kila mwanafunzi akijibu au akiuliza, aweke alama kwenye dawati lake. Mwisho wa kipindi mtaona alama zimejaa mbele na upande wa dirisha, huku nyuma kukiwa kweupe. Hapo mazungumzo yanaanza yenyewe, tena juu ya darasa lako, si lake. Wiki inayofuata atakuita wewe ukae nyuma kwake. Jukwaa la kupanulia kazi hiyo mnalo tayari: jumuiya za kujifunza shuleni, zile za MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini. Nyingi zimebaki kusaini mahudhurio, na inaniuma. Zipeni kazi.

Ni kweli Marekani mwalimu anaweza kuthibitishwa kuwa mahiri bila kuwa mkuu wa shule?

Kweli. Kuna bodi ya kitaifa iliyoundwa mwaka 1987, na mwalimu huomba kwa hiari. Hufanya mtihani wa somo lake, hupeleka kazi za wanafunzi, video za vipindi vyake na maelezo ya kwa nini alifundisha vile. Hapa kwetu unaweza kuanza na hiyo video: mwenzako akurekodi kwa simu kipindi kimoja, ukitazame peke yako kwanza. Ila mkuu wa shule aombwe ruhusa kabla, maana watoto wamo kwenye picha, na video isiende kwenye kundi lolote la WhatsApp.