Mbwa anayetapika garini mkienda msitu wa Karura, Nairobi, na familia

Pole dada. Mbwa kutapika kila Jumamosi kabla hamjafika msituni, na mama mkwe kumwogopa, yote mawili yanarekebishika.

Mlisheni masaa 3 kabla ya safari, si mkiwa mlangoni. Maji anywe kama kawaida. Katikati ya wiki mzungusheni mtaani kwa gari dakika 10 tu, azoee. Akizidi kutapika, daktari wa mifugo ana dawa. Msimpe za binadamu.

Msituni kamba isitoke mkononi, kwani akiona mbega atachomoka ghafla.

Mifupa ya nyama choma ndiyo hatari kubwa: ikishapikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Waambieni wageni mapema, maana wao ndio hutupa chini ya meza.

Mama mkwe asisogezewe mbwa. Amwite mwenyewe akiwa tayari. Chanjo ya kichaa cha mbwa isipitwe na muda. Mtu akiumwa na mbwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Mkirudi, tafuteni kupe masikioni na katikati ya vidole. Kupe huambukiza magonjwa, kwa hiyo ufizi wa mbwa ukipauka au mkojo wake ukawa kama chai ya rangi, mpelekeni kwa daktari bila kungoja asubuhi.