Muulize Fundi: Pikipiki ya umeme bila kununua betri

SWALI: Fundi, salamu kutoka Kawangware. Naendesha boda, na petroli inameza mapato yangu yote. Nimeambiwa naweza kuchukua pikipiki ya umeme lakini betri ibaki ya kampuni. Je, huo si mtego?
Mwanaboda, Nairobi

JIBU: Ndugu yangu, si mtego. Betri ni sehemu ghali mno, na ikitolewa kwenye bei, pikipiki inafikiwa na mtu wa kipato chako. Ampersand, kampuni ya pikipiki za umeme iliyoanzia Kigali kabla ya kuja Nairobi, hufanya hivyo: chaji ikiisha, unabadilisha betri kituoni kwa dakika chache. BasiGo, kampuni ya mabasi ya umeme, nao huwatoza wenye matatu betri na chaji kwa kila kilomita.

Ila kabla ya kutia sahihi, vizungukie vituo vilivyo kwenye njia zako, tena jioni, uone foleni. Betri ya kampuni moja kwa kawaida haikubaliwi kituo cha nyingine. Uliza pia malipo ya kila siku yanakuwaje ukiugua. Linaloniuma ni kuona vijana wakipewa mkataba wa Kiingereza wausome kando ya barabara. Dai usomewe kwa Kiswahili, hata wakikuharakisha.