Yule mnyama si sokwe, ni nyani

Ndugu, umeuliza kwa nini majeneza ya Misri ya kale yana umbo la mtu, na kama yule mnyama aliyechorwa kwenye kaburi la mfalme Tutankhamun ni sokwe. Jeneza lilichongwa uso, kifua na mikono iliyopishana kifuani ili liwe mwili wa akiba: maiti ikiharibika, roho bado itamtambua mwenyewe. Mikono ile imewekwa kama ya mungu Osiris, mfalme wa wafu. Jeneza la ndani kabisa la Tutankhamun ni dhahabu tupu, kama kilo 110.

Mnyama ni nyani, wa jamii ya hawa tunaowafahamu. Tazama ukuta wa magharibi wa chumba alimolazwa: wamechorwa 12, wamechuchumaa kila mmoja kwenye kisanduku chake, mmoja kwa kila saa ya usiku. Pua ndefu kama ya mbwa, manyoya mazito mabegani, na mkia. Sokwe hana mkia. Halafu, jambo linalonigusa sana, nyani hao walitoka huku kwetu upande wa Pembe ya Afrika, wakasafirishwa mpaka Misri na kuheshimiwa kama sura ya Thoth, mungu wa maandishi.