Barua kwa mwanangu: hilo jipu usilikamue

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema jipu limekutoka pajani, upande wa ndani, leo ni siku ya tatu, ni gumu, linapwita na usiku hukulala. Umeniuliza mambo mawili: ulitoboe kwa sindano uliyoichoma motoni? Na unywe zile kapsuli za amoksilini zilizobaki ulipougua koo? Yote mawili, hapana. Nakueleza na sababu zake, kwa kuwa mtu asiyejua sababu hushika sindano saa nane usiku maumivu yakizidi.

Jipu huanzia kwenye shina la unywele. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye takribani watu 3 kati ya 10 wanaishi naye puani bila kuugua, hupenya mahali ngozi ilipochubuka kidogo: mapaja yaliposuguana, wembe ulipopita, nguo ilipobana. Mwili hupeleka chembe nyeupe za damu kupambana naye. Chembe zilizokufa, bakteria na nyama iliyoharibika ndiyo usaha wenyewe, na mwili huuzungushia ukuta usisambae. Huo ugumu unaousikia ukibonyeza ni ukuta huo. Jipu ambalo halijaiva halina mlango wa nje, hivyo ukilikamua usaha hutafuta njia ya ndani, ukuta unapasuka, na bakteria anaingia kwenye nyama ya chini, pengine hata kwenye damu. Sindano nayo ina balaa lake. Tundu lake ni dogo mno kutoa usaha mzito, lakini linatosha kabisa kusukuma vijidudu chini zaidi.

Kuhusu kapsuli: bakteria huyu mara nyingi hutoa kimeng'enya kinachoivunja amoksilini kabla haijafanya kazi. Na hata dawa inayomweza husafiri kwa damu, ilhali ndani ya mfuko wa usaha hamna mishipa ya damu. Ndiyo maana jipu kubwa hutibiwa kwa kupasuliwa, vidonge vikawa ni vya kusaidia tu pale daktari anapoona haja. Hizo zilizobaki zirudishe duka la dawa, usimpe na mtu mwingine.

Kinachosaidia nyumbani ni joto, na joto hilo linataka subira. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kitambaa safi cha pamba, kichovye kwenye maji ya moto yanayovumilika, ukamue, kisha kijaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko. Kikikuunguza hapo, kitaunguza na jipu, na ngozi iliyoungua hapo ni jeraha la pili juu ya la kwanza. Kiweke juu ya jipu bila kukandamiza. Baada ya dakika mbili tatu kitakuwa kimepoa, kichovye tena. Endelea hivyo kwa dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku. Wengi hukosea hapa: wanaweka kitambaa mara moja, kinapoa juu ya ngozi, wanasema kukanda hakusaidii. Joto huleta damu nyingi mahali pale na hulainisha ngozi, usaha ukajikusanya na kupanda juu. Kila ukandaji na kitambaa chake. Kilichotumika kifue kwa maji ya moto na sabuni, kikauke kabisa kabla ya kutumika tena.

Katikati ya ukandaji lifunike kwa shashi kavu na plasta, vaa nguo ya pamba isiyobana, usinyoe sehemu hiyo. Usipake dawa ya meno, spiriti wala krimu ya ngozi yenye steroidi. Viwili vya kwanza huchoma ngozi. Cha tatu hupunguza wekundu kwa kuuzima ulinzi wa mwili, ukadhani unapona kumbe maambukizi yanatanuka chini kwa chini.

Maumivu yapunguze kwa parasetamoli: kidonge 1 au 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Soma na maandishi ya dawa za mafua ulizonazo, nyingi zina parasetamoli ndani, na ukizichanganya utapita kiwango bila kujua. Mwenye ugonjwa wa ini amuulize mhudumu wa afya kwanza. Ibuprofeni nayo hufanya kazi, ila haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo wala mjamzito.

Baada ya siku kadhaa utaona kichwa cheupe au cha njano, na ugumu unaanza kuwa laini katikati. Hapo vidole vitakuwasha. Vizuie! Endelea kukanda, litapasuka lenyewe, na maumivu yatapungua papo hapo. Likipasuka uache usaha ushuke, ufute kwa shashi kuanzia kwenye tundu kwenda nje, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kausha, funga shashi mpya. Badilisha shashi angalau mara 2 kwa siku, na kila inapoloa. Ile chafu iingie kwenye mfuko, ufungwe, utupwe. Endelea kukanda siku 2 au 3 zaidi hadi usaha ukome, kwa sababu ngozi ikiwahi kuziba juu, uliobaki ndani hujaza mfuko upya. Kiini kikionekana mlangoni kiache kijitokee, usikivute.

Kwa kuwa una mtoto mdogo nyumbani: usaha huo unaambukiza. Taulo yako iwe yako peke yako, wembe vilevile, na shuka na nguo za ndani zifuliwe kwa maji ya moto, nyuzi 60 kama kitambaa kinastahimili. Nawa kila unapogusa shashi, hata kama umeigusa kwa nje tu. Usiingie bwawa la kuogelea mpaka ngozi ifunge.

Sasa sehemu ninayotaka uisome mara mbili. Leo jioni chukua kalamu ya wino, chora mstari kuzunguka ukingo wa sehemu iliyovimba, uandike na saa pembeni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Pitisha mgongo wa mkono utafute mwisho wa joto na ugumu, mstari upite hapo. Kesho asubuhi ukikuta joto na ugumu vimevuka mstari, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Nenda siku hiyohiyo pia ukiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, ukitetemeka kwa baridi, au ukiona michirizi inapanda kutoka kwenye jipu kuelekea kinenani. Mtoki mdogo unaouma kinenani ni jambo la kawaida kwa jipu la paja. Lakini mtoki mkubwa pamoja na homa si wa kusubiri.

Kuna hali ambazo hata kesho ni mbali. Maumivu makali kupita kiasi cha unachokiona juu, ngozi inayogeuka zambarau au nyeusi, malengelenge yanayotokea ghafla, pumzi za haraka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, na usiende peke yako.

Mahali nako kuna uzito wake. Jipu la puani, la mdomo wa juu au karibu na jicho lionwe na daktari mapema, na kamwe lisiguswe, kwa sababu mishipa ya damu ya sehemu hiyo imeungana na ile iliyo chini ya ubongo. La karibu na njia ya haja kubwa mara nyingi huwa limeanzia ndani, na lisipotibiwa vizuri huacha tundu lisilofunga. La titi la mama anayenyonyesha, la juu ya uti wa mgongo na la mtoto mchanga nayo si ya kutibiwa nyumbani. Vivyo hivyo jipu la mtu mwenye kisukari, mwenye kinga dhaifu au anayetumia dawa za saratani au steroidi, jipu linalozidi sentimita 5, au lenye vichwa vingi vilivyoungana. Na hata likiwa dogo na la kawaida, likimaliza wiki 2 bila kupona, lipeleke.

Usiogope kupasuliwa. Watakuchoma sindano ya ganzi, nayo nakwambia ukweli, haishiki sawasawa kwenye nyama iliyovimba, kwa hiyo utasikia kubanwa na kuungua kidogo. Waambie ukisikia sana, wanaweza kuongeza. Watapasua, watafungua vijifuko vyote vya ndani na kuosha kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, pengine wataacha utambi wa shashi ndani ili tundu lisizibe mapema. Muulize anayekuhudumia siku ya kurudi kuutoa, na kama usaha utapelekwa maabara. Vipimo hivyo huonyesha dawa ipi inamweza bakteria wako. Wakikupa vidonge, maliza dozi yote.

Jambo la mwisho, kama majipu yatarudi. Likitokea la pili na la tatu ndani ya miezi michache, omba upimwe sukari kabla hujala, angalau saa 8 tangu mlo wa mwisho. Kipimo cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kinaashiria kisukari na hurudiwa kuthibitisha. Waombe pia waangalie kama unambeba bakteria puani, maana ipo krimu ya mupirosini ya kupaka ndani ya pua mara 2 kwa siku kwa siku 5, pamoja na sabuni maalumu ya kuogea, lakini hiyo ianzwe kwa ushauri wa daktari na nyumba nzima ikibidi. Na yakiwa yanarudi kwapani na kinenani palepale, yakiacha makovu na vijitundu, mwambie daktari hivyo hasa, kwa sababu upo ugonjwa mwingine wa ngozi unaojifanya majipu na matibabu yake ni tofauti.

Chora huo mstari leo kabla hujalala. Kesho asubuhi, ukishapima homa, nitumie picha yake na namba ya kipimajoto.

Mzazi wako akupendaye