Kila mchoro uwe wa pande tatu?

SWALI: Ninaandika kitabu cha hisabati na sayansi cha darasa la nne. Mhariri anataka michoro yote iwe ya pande tatu, yaani yenye urefu, upana na kina, tena yenye vivuli, eti ndiyo inayovutia. Nilipowaonyesha wanafunzi mchoro wa rundo la michemraba, mbili kwa mbili kwa mbili, wengine walisema ipo 7, wengine 12. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, shika majibu hayo, ni mali. Aliyesema 7 kahesabu michemraba anayoiona. Wa nane umejificha nyuma, chini. Aliyesema 12 yeye hakuona michemraba kabisa, kahesabu miraba: minne juu, minne kila ubavu. Karatasi ni bapa, kina anakiongeza msomaji mwenyewe, na hilo hufundishwa kama zinavyofundishwa herufi. Wape kwanza vipande vya mbao walijenge rundo hilo, walizunguke, walibomoe, ndipo wafungue kitabu. Na kando ya mchoro wako, chora rundo hilohilo likiwa limeachanishwa tabaka mbili, ili yule wa nane aonekane.

Hata mchemraba mmoja una siri zake. Kati ya nyuso 6 tunaona 3, kati ya kingo 12 tunaona 9. Zile kingo 3 za nyuma zichorwe kwa mistari ya vipandevipande, na kitabu kiseme mistari hiyo ina maana gani. Sisi wachoraji tunadhani kila mtu amezaliwa akijua.

Vivuli navyo vina kanuni: mwanga utoke juu, kitabu kizima. Jicho limezoea hivyo. Ukitia kivuli upande wa juu wa kilima na kuacha chini peupe, mtoto ataona shimo. Huamini? Geuza picha ya kilima juu chini.

Sasa mhariri wako. Kwenye ujazo, tabaka za ardhi au ua lililopasuliwa, mkubalie, maana kina ndicho kinachofundishwa. Kwenye grafu kataa. Nguzo ikipewa kina, mtoto hajui asome ukingo wa mbele au wa nyuma. Grafu ya duara ikilazwa, kipande cha mbele huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Chora grafu moja kwa namna zote mbili, mpe mhariri mwenyewe asome thamani ya kila nguzo bila kuangalia jedwali, kisha mrudi kwenye mazungumzo.