Kwa mwalimu anayeanza kufundisha vijana kuhusu alama za mkopo

Usianze na namba. Ukiandika ubaoni kwamba alama za FICO, namba zinazotumika Marekani kupima jinsi mtu anavyoaminika kulipa madeni, huanzia 300 hadi 850, watazinakili kwenye daftari na somo litaishia hapo. Anza na riba.

Wape hesabu waifanye wenyewe. Watu wawili wamekopa 1,000,000 kila mmoja, wanarejesha kwa mafungu sawa kila mwezi kwa miaka 3, na riba inapigwa kwenye salio linalobaki. Mwenye rekodi safi anatozwa asilimia 10 kwa mwaka. Mwenzake, ambaye rekodi yake imechafuka, asilimia 24. Wa kwanza atalipa riba ya takriban 161,600, wa pili takriban 412,400. Watapiga kelele kwamba huo ni uonevu. Waache, maana baada ya kelele watauliza mkopeshaji alijuaje nani ni nani.

Sasa ndipo ueleze kwamba mkopeshaji hamfahamu mwombaji. Anachokiona ni kumbukumbu za madeni yake na jinsi alivyoyalipa, zilizokusanywa na taasisi za taarifa za mikopo, na alama ni muhtasari wa kumbukumbu hizo. Kwa FICO, historia ya malipo hubeba asilimia 35, na kiasi unachodaiwa, hasa ukikilinganisha na kikomo cha kadi yako ya mkopo, asilimia 30. Umri wa historia, mikopo mipya na aina za mikopo hugawana iliyobaki; yataje upite.

Kaa zaidi kwenye hili: mshahara haumo. Vijana wengi huamini kwamba tajiri ana alama nzuri kwa sababu tu ni tajiri. Kumbe mwenye kipato kikubwa anayechelewesha malipo anaweza kupitwa mbali na mwenye kipato kidogo anayelipa kila tarehe inapofika. Na ambaye hajawahi kukopa huenda asiwe na alama yoyote, jambo ambalo nalo humtia mkopeshaji wasiwasi. (Mtu asitoke hapo akidhani umemwambia akakope ili aonekane.)

Chunga ulimi wako pia. Humo darasani yumo ambaye nyumbani kwao wanadaiwa, na ugonjwa au kupoteza kazi huchafua rekodi ya mtu mwaminifu kabisa. Ukizungumza kana kwamba alama ndogo ni tabia mbaya, huyo hatakusikiliza tena.

Bakiza muda wa udhamini. Ukimdhamini rafiki akashindwa kulipa, mkopeshaji atakugeukia wewe, na mara nyingi rekodi yako nayo huumia. Wapange wawili wawili, mmoja aombe kudhaminiwa, mwingine akatae kwa maneno yake mwenyewe. Kwenye karatasi wote watajibu sawasawa; wakitazamana usoni ulimi unakuwa mzito. Warudie mpaka waweze kukataa bila kucheka wala kuomba radhi.